Kifurushi cha rangi nyekundu kwa watoto wa maandalizi: kilichomo na kilichopungua

Kifurushi cha shughuli za mikono cha rangi nyekundu, ambacho siku hizi kinapatikana katika baadhi ya maduka ya vifaa vya skuli ya Unguja na Pemba, ni kitu kizuri kilichopungukiwa na jambo moja kubwa: kila kilichomo ndani yake ni chekundu kwa namna ile ile moja. Karatasi, riboni, uzi wa sufi, vishanga, stika na hata mpini wa brashi vimetiwa wekundu mmoja mkali unaong'aa, na mtoto akimaliza kazi zote zilizopangwa anakuwa ameujua vyema wekundu wa kifurushi hicho, bila ya kuwa na hakika kama tungule iliyoiva, kitambaa cha kisutu na udongo wa kinongo navyo vinastahili kuitwa hivyo. Nimekitumia katika darasa la maandalizi mjini Wete pamoja na watoto wa miaka 4 na 5, na nyumbani nimekitumia na mtoto wa miaka 3, kwa hiyo ninayoyaandika hapa yamepita mikononi mwa watoto wenyewe.

Boksi linauzwa kwa shilingi 28,000 katika duka nililonunua mimi. Ndani yake mna karatasi za rangi za unene wa aina mbili, sahani za karatasi, vipande vilivyokwisha kukatwa vya umbo la moyo, epo, stroberi, gari la zimamoto na mdudu kibibi, chupa kubwa ya rangi ya maji nyekundu, chupa ndogo ya rangi nyeupe na nyengine nyeusi, brashi mbili, mkasi wa ncha ya mviringo, gundi, vishanga, uzi, kadi za picha na kijitabu cha maelekezo kwa Kiswahili. Juu ya boksi imeandikwa kuwa ni kwa watoto sita. Mwalimu yeyote wa skuli zetu za maandalizi atatabasamu akiisoma idadi hiyo, lakini kwa kuwa mtengenezaji alikuwa akimfikiria zaidi mzazi aliyepo nyumbani, sitamlaumu kwa hilo.

Utaratibu wa kumfundisha mtoto mdogo rangi moja kwa wakati mmoja una msingi wake, na ni vyema tuutazame kabla ya kukihukumu kifurushi. Mtoto wa miaka 3 anaweza kuyataja majina ya rangi nyingi kwa kuyakariri kama anavyokariri hesabu, huku akiwa hajui jina gani linakwenda na rangi gani. Anasema nyekundu kwa sababu amezoea kuwa swali linaloanza na neno rangi hujibiwa hivyo. Kukaa na rangi moja kwa wiki nzima kunampa nafasi ya kulifunga jina na kitu anachokiona. Hata hivyo, waliolipanga jambo hili kwa uangalifu hawakuishia hapo. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alitengeneza vibao vya rangi katika maboksi matatu: la kwanza lina jozi za nyekundu, buluu na manjano tu, la pili linaongeza rangi nyengine, na la tatu lina rangi tisa ambazo kila moja imepangwa kwa daraja saba, kuanzia iliyokoza hadi iliyofifia. Kwa maneno mengine, mtoto huanza kwa kuitenga nyekundu na zisizokuwa nyekundu, kisha ndipo anapoingia ndani ya nyekundu yenyewe na kuona kuwa ina wenziwe wengi. Kifurushi hiki hakimpeleki katika hatua hata moja kati ya hizo mbili. Hakina kitu kisichokuwa chekundu cha kulinganisha nacho, ukiacha zile chupa ndogo mbili, na hakina daraja za wekundu.

Nianze na kilicho bora kabisa, nacho ni rangi ya maji na ukurasa mmoja wa kijitabu unaoeleza namna ya kuichanganya. Mtoto hupewa kijiko cha rangi nyekundu juu ya sahani ya karatasi, akaipaka sehemu ya kwanza kama ilivyo, kisha akaongeza tone moja la nyeupe na kupaka tena pembeni yake, kisha tone jengine, mpaka mwisho wa safu anafika kwenye waridi hafifu. Safu ya pili inakwenda upande wa nyeusi, na huko rangi inazama polepole mpaka inakuwa damu ya mzee. Watoto wangu walikaa kwenye kazi hii kwa muda mrefu kuliko kazi nyengine zote za boksi zikiwekwa pamoja, na mmoja wao alikataa kuondoka mpaka aone tone la mwisho linafanya nini. Hapa ndipo mtoto anapoelewa kwa mkono wake kwamba nyekundu haiko mahali pamoja. Anaelewa pia jambo jengine ambalo kijitabu hakikulisema: kwa rangi za maji tulizonazo darasani anaweza kutengeneza waridi, damu ya mzee na hata rangi ya chungwa, lakini hakuna mbili atakazozichanganya zikampa nyekundu safi, na ndiyo maana chupa ya nyekundu lazima inunuliwe. Kinachosikitisha ni kuwa kazi hii imewekwa karibu na mwisho wa kijitabu, ikapewa ukurasa mmoja, huku mdudu kibibi akipewa kurasa nne.

Kazi ya pili ninayoisifu ni ya kuchana karatasi. Mtoto anaichana karatasi nyembamba kwa vidole vipande vidogo vidogo na kuvibandika ndani ya mchoro mpaka ujae. Haihitaji mkasi, haina namna ya kukosea, na inavipa vidole mazoezi ambayo baadaye vitayahitaji katika kushika kalamu. Karatasi ikichanwa huacha ukingo mweupe wenye nyuzi, na vipande vikipandana, wekundu wake unakuwa mzito mahali pamoja na mwepesi pengine, hivyo kwa bahati tu kazi hii inapunguza ule upungufu nilioutaja mwanzo.

Vile vipande vilivyokwisha kukatwa sina haja ya kuvieleza sana. Mtoto anabandika moyo juu ya karatasi, anabandika madoa meusi juu ya mgongo wa mdudu, na kazi imekwisha. Zikitundikwa ukutani zote zinafanana kiasi kwamba bila ya kuandika jina nyuma hujui ya nani ni ipi. Wapo watakaolalamika kuwa stroberi na epo si matunda ya kwetu. Mimi sioni kosa katika hilo, kwani mtoto wa leo ameshaiona stroberi kwenye paketi za biskuti na maziwa, na kujifunza kitu cha mbali si dhambi. Kosa ni kuwa stroberi, epo, moyo na gari la zimamoto vyote vimekatwa kutoka karatasi ile ile. Kuna pia kazi ya kutengeneza bendera nyekundu tupu juu ya kijiti. Wazee wa hapa wataikumbuka bendera ya namna hiyo, kwani ndiyo iliyokuwa ya Sultani mpaka mwaka 1963, na kwa kuwa sikutaka somo la rangi ligeuke kuwa somo la siasa za mabibi na mababu zao, tuliifanya tiara, ikaruka vizuri.

Kadi za picha zina dosari ambayo mwalimu wa Kiswahili hawezi kuipita kimya. Chini ya kila picha pameandikwa jina la kitu likifuatiwa na neno nyekundu, bila ya kujali ngeli: gari nyekundu, kiatu nyekundu, maua nyekundu, mdudu nyekundu. Mtoto wa Pemba hasikii hivyo nyumbani kwao. Anasikia gari jekundu, kiatu chekundu, maua mekundu na mdudu mwekundu, na sehemu ya kazi ya kujifunza rangi hii katika lugha yetu ni kutambua kuwa maneno yote hayo yanaitaja rangi moja, jambo ambalo halimpati akijifunza buluu au kijani. Kadi zilizoandikwa sawasawa zingemsaidia mno. Hizi zinamfundisha kosa, tena kwa herufi kubwa. Nilizibandika vipande vya karatasi juu yake na kuandika upya, na ninamshauri kila atakayenunua afanye hivyo kabla ya kuzitoa mbele ya watoto.

Sasa nieleze tulichokiongeza, kwa sababu bila ya nyongeza hiyo nisingeweza kukisifu kifurushi hata kidogo. Tuliweka kapu la ukili katikati ya mkeka na kila mtoto akaombwa alete kutoka nyumbani kitu kimoja anachodhani ni chekundu. Viliingia tungule, pilipili kavu, maganda ya shokishoki, kipande cha kisutu kilichotoka kwa fundi cherehani, kifuniko cha chupa, ubuyu ndani ya kijifuko, tawi la karafuu mbichi zilizokuwa zimeanza kuacha ukijani na kuingia wekundu hafifu, kama zinavyokuwa zikikaribia kuchumwa, na gumba la udongo wa kinongo. Mimi niliongeza majani mabichi, makaa na chungwa. Watoto walitoa kwanza visivyohusika, kisha wakavipanga vilivyobaki kutoka kilichokoza hadi kilichofifia juu ya karatasi ndefu. Ubishi mkubwa ulitokea juu ya udongo. "Mwalimu, huu si mwekundu, huu ni udongo tu," alisema mmoja wao, na mwenziwe akampaka kidogo kwenye karatasi nyeupe ili amwonyeshe. Hapo nilinyamaza, kwa sababu ubishi wa namna hiyo ndio somo lenyewe, na hakuna karatasi ya kiwandani inayoweza kuuzusha.

Kisutu kinastahili neno la ziada. Ni kanga yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, inayojulikana sana katika harusi zetu, na ndani ya kipande kimoja mtoto anaiona nyekundu ikiwa na mipaka, yaani anaona inapoanzia na inapoishia. Tuliyabandika mabaki ya vitambaa juu ya manila, tukaongeza ukindu uliotiwa rangi, ambao wasukaji wa mikeka hawakosi kuwa na vipande vyake vifupi visivyowafaa tena, na watoto wakausuka juu na chini kwenye karatasi iliyopasuliwa mistari. Kwa kupiga chapa tulitumia bamia: ukiikata upande wa kichwa, ukaichovya kwenye rangi ya maji na kuigandamiza juu ya karatasi, inaacha ua la pembe tano lenye matundu. Walimu waliopita katika mpango wa madrasa wa elimu ya awali ulioanzishwa na Mfuko wa Aga Khan, na ambao ulifika Zanzibar mwaka 1990, wanaujua mtindo huu wa kutumia vitu vya mazingira, na nashangaa kuwa aliyetengeneza kifurushi hakuwauliza chochote.

Kuhusu rangi za mimea, mbili zilinifaa. Ya kwanza ni mzingefuri, ule mti ambao wageni huonyeshwa katika mashamba ya viungo, wenye maganda yenye manyoya magumu na mbegu zinazopaka vidole. Rangi yake ni nyekundu inayoelekea chungwa, na inatoka vizuri zaidi katika mafuta kuliko katika maji, kwa hiyo mbegu zisuguliwe na matone ya mafuta ya nazi kisha mtoto apake kwa kidole. Ya pili ni rozela kavu iliyorowekwa katika maji ya moto na kuachwa ipoe. Ukigawa maji yake katika vikombe viwili, ukatia limau katika kimoja na chembe za magadi katika cha pili, cha kwanza kinabaki chekundu na kinazidi kung'aa, na cha pili kinageuka mbele ya macho ya mtoto kuelekea zambarau na buluu. Ni kazi ya mwalimu kushika magadi, si ya mtoto.

Hapa lazima nitoe tahadhari, kwa kuwa mama mmoja alipendekeza kwa nia njema kabisa tutungie watoto shanga za macho ya tipitipi, zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi zinazotokana na mturituri. Ni nzuri kwa macho na zinapatikana bure vichakani, lakini ndani yake mna sumu kali sana, na ganda lake gumu ndilo linaloizuia sumu hiyo. Mbegu ikitobolewa kwa sindano au kutafunwa, kinga hiyo inaondoka. Zisiingie darasani wala nyumbani penye watoto, kwa shughuli yoyote. Vishanga vya plastiki vya kifurushi, pamoja na ubaya wa rangi yake, ni salama zaidi kwa watoto wa miaka 4 na 5, ingawa kwa wa miaka 3 anayetia kila kitu mdomoni au puani niliviondoa kabisa, jambo ambalo kijitabu kilipaswa kulisema.

Ubora wa vifaa ni wa kati na kati. Mkasi unakata karatasi nyembamba na kushindwa na nene, na mtoto anayetumia mkono wa kushoto hawezi kuutumia kabisa. Brashi moja ilianza kutoa nywele siku ya kwanza. Gundi ni nzito na nzuri, lakini wakati wa masika, hewa inapojaa unyevu, inachukua muda mrefu kukauka na sahani za karatasi hujikunja, kwa hiyo kazi zisitundikwe mpaka zimelala juu ya meza usiku kucha. Rangi ya maji inatoka kwenye ngozi kwa maji na sabuni. Kwenye sare nyeupe inaacha kivuli cha waridi kisichotoka, na wazazi waelezwe mapema wawavishe watoto nguo za kuchezea. Nilichokipenda ni kuwa chupa zina maandishi yanayosema rangi ni ya maji na haina sumu, ingawa anuani ya mtengenezaji haikuwepo. Mzazi akikosa kifurushi hiki asije akampa mtoto rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka mlango.

Jambo jengine la upungufu ule ule wa vitu vya kulinganisha ni kuwa unaficha tatizo ambalo mwalimu angependa kuligundua mapema. Baadhi ya watu huzaliwa wakiwa na shida ya kutofautisha nyekundu na kijani, na kwa kuwa hali hiyo hurithiwa kupitia kromosomu ya X, wengi wao ni wanaume. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini hukadiriwa kuwa mwanamume 1 kati ya 12, na kwa Waafrika idadi ni ndogo zaidi. Mtoto wa namna hiyo atakifanya kifurushi hiki chote kutoka mwanzo hadi mwisho bila ya mtu kushuku kitu, kwani kila anachookota ni chekundu. Kapu lenye majani mabichi na pilipili mbivu litamwonyesha mara moja. Akionekana kupapasa au kumtazama mwenziwe kabla ya kuchagua, asikaripiwe, apelekwe akapimwe macho.

Kwa mzazi mwenye mtoto mmoja au wawili na asiye na muda wa kutafuta vifaa, bei ya shilingi 28,000 si ya kutisha, hasa akizingatia kuwa rangi ya maji pekee inatosha kwa wiki nyingi. Kwa skuli ya maandalizi ninashauri kununua boksi moja tu kwa darasa zima, kulitumia kwa rangi, karatasi nyembamba na kijitabu, na fedha zilizobaki ziende kwenye manila na chupa ya pili ya nyeupe, kwa sababu nyeupe ndiyo inayomalizika kwanza. Kumnunulia kila mtoto boksi lake ni kutupa fedha.

Duka linauza pia maboksi ya manjano, kijani na buluu. Muuzaji alikuwa muungwana, akanifungulia la buluu nilitazame. Mpangilio wake ni ule ule, isipokuwa chupa za nyeupe na nyeusi hazikuwemo, na bila ya hizo ile kazi ya kuchanganya haiwezekani. Atakayekwenda kununua aombe boksi lifunguliwe mbele yake kabla ya kulipa.